Kichwa cha Shaba na Fuvu la Lusinga

Juni 2020, Kakese ilikuwa kwenye mavuno. Mpunga ulikuwa umekwisha katwa, umelundikwa pembeni ya majaruba, na watu walikuwa wanaupiga juu ya turubai tangu alfajiri ili jua kali lisiwakute shambani. Mjomba wake mwandishi huyu, mzee aliyekwisha vuka miaka themanini, alikaa kivulini na redio yake ndogo iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hakuwa na nguvu tena ya kupiga mpunga. Kazi yake ilikuwa kusikiliza habari na kuwatangazia wengine.

Siku hiyo habari ilitoka Ubelgiji. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu George Floyd auawe na polisi huko Minneapolis, Marekani. Hasira ilikuwa imevuka bahari, na katika jiji la Antwerp sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuwa imepakwa rangi, ikachomwa moto, kisha serikali ya jiji ikaiondoa kwa winchi. Siku mbili kabla yake, waandamanaji wa Bristol, Uingereza, walikuwa wameiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, na kuitosa majini bandarini.

Mzee alipunguza sauti ya redio. "Huyu Leopoldo," aliuliza, "si ndiye mwenye boma la Karema?"

Mwandishi alisimama na fimbo yake mkononi. Alikuwa amesoma historia mpaka chuo, amefundisha watoto wa watu, na muda wote huo hakuwahi kuiunganisha ile sanamu ya Ulaya na mwambao wa ziwa ulio ndani ya mkoa wake mwenyewe. Mzee asiyemaliza darasa la nne alikuwa ameiunganisha kwa sentensi moja.

Na alikuwa sahihi. Mwaka 1876 Leopold aliwakusanya wanajiografia na wasafiri mjini Brussels, akaunda Chama cha Kimataifa cha Afrika, kwa maneno matamu ya kukomesha biashara ya watumwa na kueneza elimu. Kituo cha kwanza cha chama hicho ukanda huu hakikujengwa Kongo. Kilijengwa Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, na Kapteni Ernest Cambier. Leo Karema ni Mkoa wa Katavi, na mtu wa Mpanda huenda huko kununua migebuka na dagaa.

Mwaka huohuo wa 1879, Leopold alishusha tembo wanne kutoka India katika ufuko wa Msasani, Dar es Salaam, chini ya Kapteni Carter, ili ajaribu kama tembo wangeweza kubeba mizigo mahali pa wapagazi. Safari iliwamaliza. Wengi walikufa njiani, na Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akiwa Mpimbwe, katika nchi ya Wapimbwe, ambayo nayo ni Katavi hii hii. Mwandishi alikulia kati ya watoto wa Kipimbwe, Kibende na Kikonongo. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewasimulia kisa hicho. Walichofundishwa ni orodha ya "wavumbuzi": Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Waliikariri kama jedwali la kuzidisha.

Kakese haina sanamu. Mtoto aliyezaliwa pale hukua bila kuona mtu wa shaba amesimama juu ya mawe. Mkoa mzima, hata hivyo, unaitwa kwa jina la Katavi, mzimu wa mwindaji, ambaye watu huamini anakaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Wapo wanaofika mpaka leo kuacha sadaka chini ya mti huo na kuomba baraka. Kwa hiyo mwandishi alipoanza kusikia mabishano ya sanamu za Ulaya, ziondoke au zibaki, akili yake haikwenda kwenye shaba. Ilikwenda kwenye mti. Na mti aliokumbuka haukuwa ule mkwaju wa Katavi. Ulikuwa mwembe.

Mwembe huo ulikuwa mkubwa, umesimama karibu na njia, na watu waliuita Mwembe wa Jumbe. Chini yake, wakati wa mkoloni, jumbe aliketi kukusanya kodi. Aliyekosa alilazwa kifudifudi akachapwa viboko mbele ya mkewe na watoto wake. Mjomba aliyaona kwa macho yake akiwa mtoto mdogo katika miaka ya 1940. Kila walipopita hapo na mwandishi, alisimama kidogo. Hakuwa na hotuba. Alionyesha kwa kidole mzizi mmoja uliochomoza juu ya ardhi, umelainika kama benchi, akasema, "Hapa ndipo walipoegemeza kichwa." Kisha wakaendelea na safari.

Mwaka 1994 vijana wa kijiji waliamua kuukata. Mwandishi alikuwa mmoja wao. Hoja yao ilikuwa moja tu: kwa nini jina la mtu aliyechapa babu zetu litajwe kila siku, kila mtu anapoelekezwa njia? Wazee waligawanyika. Mmoja alisema mti hauna kosa, unatoa kivuli na maembe. Mwingine, ambaye baba yake alichapwa pale, aliomba nafasi ya kupiga shoka la kwanza, akapewa. Siku mbili zilitosha. Mbao ziligawanywa, mkaa ukachomwa, na kijana aliyekuwa na ghadhabu kuliko wote alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza katika juma zima.

Lililofuata hawakulitarajia. Mjomba hakusimama tena. Hapakuwa na mzizi wa kuonyesha. Miaka kumi baadaye mahali hapo palikuwa uwanja wa mpira wa watoto, na mwandishi alipowauliza watoto hao kama wanajua zamani palikuwa na nini, mmoja alijibu kwa uhakika kabisa: "Palikuwa na miembe." Basi. Viboko vilikuwa vimekwenda na mti, na majina ya waliochapwa pia.

Hilo limemsumbua mwandishi huyu kwa miaka mingi. Ndilo linalomfanya asikubaliane kirahisi na upande wowote katika mjadala wa sanamu.

Wanaotetea sanamu hupenda kusema kwamba kuziondoa ni kufuta historia. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuipima hoja hiyo kwa miguu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, jiji lilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyetumwa kuzima upinzani wa watu wa pwani na ambaye chini ya amri yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Wissmann alisimama juu kabisa. Chini yake walimweka askari Mwafrika akimtazama kwa kumwinulia macho, na chini zaidi simba anayekufa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam waliing'oa sanamu hiyo. Mwaka 1927 wakaweka Sanamu ya Askari inayojulikana na kila abiria wa Posta, yule mwenye bunduki na singe aliyeinama kuelekea bandarini.

Mwandishi aliiona mara ya kwanza alipofika Dar es Salaam kusoma, baada ya safari ndefu ya treni ya kutoka Mpanda kupitia Kaliua na Tabora. Alikuwa na begi moja na namba ya simu ya ndugu ambaye simu yake haikupatikana. Akakaa kwenye ukingo wa mnara akisubiri, na kwa kukosa la kufanya akasoma maandishi. Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari wa Kiafrika na yanawataja wapagazi pia. Hapo ndipo alipomkumbuka babu wa baba yake, ambaye familia husema alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi Kakese. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kambi ya kikosi chao. Juu ya mnara, hata hivyo, mpagazi hayupo. Yupo kwenye maandishi tu.

Sanamu ya Wissmann nayo haikufa. Waingereza waliipeleka London, baadaye ikakabidhiwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Iliondolewa Dar es Salaam kama mali ya adui, ikapokewa Hamburg kama shujaa aliyerudi nyumbani. Ilibidi wanafunzi wa Kijerumani waivamie kwa kamba mwaka 1967, kisha wakarudi mwaka 1968 wakaiangusha kwa mara ya mwisho. Bushiri, Mkwawa na Songea Mbano hawakuwahi kuwa na sanamu Hamburg, na hakuna aliyewasahau. Mkwawa alidaiwa na watu wake mpaka fuvu lake likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Mjini Songea, walikozikwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda mwenyewe Novemba 2023 kuomba msamaha. Kumbukumbu hizo hazikuhitaji shaba ya Wissmann ili ziishi. Zilihitaji watu wanaoendelea kusimulia.

Kwa hiyo hoja ya kufuta historia haimshawishi mwandishi. Sanamu si kitabu cha historia. Ni heshima. Mtu akiwekwa juu ya mawe katikati ya mji, anayepita chini anaambiwa: huyu ni mfano. Nairobi ililielewa hilo mapema, ndiyo maana sanamu ya mlowezi Lord Delamere iliondolewa wakati wa uhuru na kupelekwa kwenye shamba la familia yake huko Soysambu, na barabara iliyobeba jina lake ikawa Kenyatta Avenue. Mwaka 2007 sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi ikazinduliwa mtaa wa jirani, amesimama na bunduki yake. Mkenya hakupoteza historia hata chembe.

Lakini kuna namna ya kuondoa ambayo ni sawa na ule mwembe. Kinshasa wamelipitia hilo. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliiondoa sanamu iliyomwonyesha Leopold juu ya farasi. Februari 2005 waziri wa utamaduni wa wakati huo, Christophe Muzungu, aliirudisha barabarani, akisema watu wanapaswa kuikumbuka historia yao, mazuri na mabaya. Haikumaliza siku, ikashushwa tena. Mwishowe iliwekwa Mont Ngaliema, penye vitu vya makumbusho. Yule waziri alikuwa na wasiwasi wa kweli, hata kama dawa yake ilikuwa mbaya: kizazi kilichozaliwa baada ya 1967 kilikuwa kimekua bila mzizi wa kuonyeshwa kwa kidole.

Turudi Karema, maana huko ndiko shauri hili linakochoma zaidi.

Kuanzia mwaka 1882 kituo cha Karema kiliongozwa na Luteni Émile Storms. Watu wa ziwa walimwita Bwana Boma. Mwaka 1883 alivuka maji akajenga kituo kingine Mpala, upande wa Kongo ya leo. Huko alikutana na Lusinga, mtawala wa Watabwa katika milima ya Marungu, aliyekataa kuwa chini yake. Desemba 1884, wakati wakubwa wa Ulaya wameketi Berlin wakigawana bara, Storms aliwatuma watu wake wenye bunduki. Walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, wakamletea. Storms alilihifadhi fuvu hilo na mafuvu mengine, akalibeba mpaka Ubelgiji pamoja na sanamu ya mbao ya ukoo wa Lusinga. Baada ya kufa kwake, mjane wake aliikabidhi mikusanyo yake kwa jumba la makumbusho la Tervuren, na baadaye mafuvu yakahamishiwa taasisi ya sayansi asilia ya Brussels.

Storms alipanda vyeo mpaka jenerali. Sanamu yake ya shaba, kichwa na kifua, iliwekwa katika bustani ya Square de Meeûs mjini Brussels, hatua chache kutoka Bunge la Ulaya. Kichwa cha Bwana Boma kilipigwa jua na theluji hadharani, wapita njia wakikiona kila siku. Kichwa cha Lusinga kilikuwa ndani ya sanduku, kina namba.

Mwandishi alisoma habari hizo kwenye simu yake akiwa Mpanda mjini mwaka 2022, pale serikali ya mtaa wa Ixelles ilipoiondoa sanamu ya Storms, baada ya kumwagiwa rangi nyekundu mara kadhaa, ili ipelekwe makumbusho. Alishusha simu mezani na chai yake ikapoa. Alipomsimulia mjomba jioni ile, mzee hakuonyesha furaha aliyoitarajia. Aliuliza swali moja: "Na kile kichwa kingine?"

Mtu anaweza kusema Lusinga naye hakuwa mwema. Ni kweli, na haifai kufichwa. Aliteka watu akawauza ili apate bunduki na baruti. Vijiji vya Marungu vilimwogopa kabla hata Mbelgiji hajavuka ziwa. Vivyo hivyo Tippu Tip wa Zanzibar, ambaye msafara wake wa pembe na watumwa ulitikisa nchi kutoka Tabora mpaka Kasongo, na ambaye mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Tukiondoa sanamu za Wazungu ili tusimamishe za wauza watu wetu wenyewe, tutakuwa tumebadilisha uso tu. Mwandishi hamtakii Lusinga sanamu. Anamtakia kaburi. Mtu, hata mbaya, huzikwa na watu wake.

Na kama ni heshima ya kudumu, Karema ina mtu wake. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, baada ya Leopold kuliacha boma na kuwakabidhi Mapadre Weupe mwaka 1885. Akatibu watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka kifo chake mwaka 1956. Bibi mzaa mama wa mwandishi alikuwa akisema "dawa ya Atimani" kwa maana ya dawa inayoponya kweli. Dar es Salaam kuna jengo lenye jina lake, na wengi wanaopanda ngazi zake hawajui alikuwa nani.

Mwandishi alikwenda Karema mwaka jana na mjomba, kwa gari la wavuvi lililokuwa linarudi tupu. Cambier alijenga karibu na maji, lakini Ziwa Tanganyika lilishuka baada ya Mto Lukuga kufungua njia yake kuelekea magharibi, na sasa mtu husimama kwenye kuta kuukuu za misheni akiliona ziwa kwa mbali. Mzee alitembea polepole, akagusa tofali moja la kuchoma, vumbi jekundu likabaki kwenye ncha za vidole vyake. Akatafuta kibao. Alizunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili. Kisha akaketi.

"Wameng'oa huko kwao," alisema. "Hapa hawakuweka hata cha kung'oa."

Msimamo wa mwandishi huyu, baada ya mwembe na baada ya Karema, ni huu. Sanamu ya mtu aliyeua na kutesa haistahili kusimama mahali pa heshima, iwe Brussels, Hamburg au Nairobi, na waliowaondoa Storms na Wissmann walifanya haki. Ipelekwe makumbusho, na kando yake yaandikwe aliyoyatenda, kwa majina ya aliowatenda. Kile kitako cha mawe kilichobaki wazi kisisawazishwe kama uwanja wetu wa mpira. Kibaki, kiandikwe, watoto wasimame hapo waulize. Vijana wa Kakese wa mwaka 1994 walikuwa na haki ya kuukataa Mwembe wa Jumbe. Walikosea kutoacha hata jiwe lenye majina ya waliochapwa chini yake, na leo aliyebaki anayeyajua majina hayo ni mzee mmoja. Mwandishi ameanza kuyaandika kwenye daftari. Mpaka sasa yamefika kumi na moja.

Serikali imejenga bandari mpya Karema kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na meli zitakata maji yaleyale aliyoyavuka Storms kwenda Mpala. Halmashauri, parokia na shule za Karema wasisubiri Brussels. Kibao kimoja pale bandarini, kwa Kiswahili, kinatosha kuanzia: mwaka 1879, mwaka 1884, jina la Lusinga, majina ya wapagazi yatakayopatikana, jina la Atiman. Na wale wa Ubelgiji walioweza kushusha kichwa cha shaba wanaweza pia kufungua lile sanduku na kulirudisha fuvu Marungu, likazikwe.